Huzuni ya Julai: Utangulizi wa Elimu ya Sonona ya Kiangazi Ughaibuni

Mtu akiingiwa na sonona mwezi Januari katika mji wa Ulaya, hata jirani asiyemjua jina humwelewa. Kuna giza, kuna theluji, kuna baridi ya kupenya mifupa. Akiingiwa nayo Julai, hana wa kumwelewa. Nje jua linawaka, bustani za mji zimejaa watu waliojilaza kwenye nyasi, na wenzake kazini wanaulizana nani anakwenda ufukwe gani. Akipiga simu Tanga au Kisumu anaambiwa: "Wewe si ulikuwa unalia baridi? Jua limetoka, unataka nini tena?" Basi ananyamaza, na mwaka unaofuata, ikikaribia Juni, anaanza kuogopa kabla hata ugonjwa haujaanza.

Elimu ninayomkaribisha msomaji inashughulika na mtu huyo. Haina jina moja linalokubaliwa na wote. Wataalamu wa magonjwa ya akili wanaijua sehemu yake kama sonona ya majira. Wanaochunguza saa ya mwili wana sehemu yao, wanaochunguza uhamiaji wana yao, na mara nyingi hawa watatu hawasomani. Anayeanza leo atalazimika kuingia maktaba tatu. Lakini nimeandika pia kwa muuguzi, imamu, mchungaji na kiongozi wa chama cha Watanzania au Wakongo wa mji fulani, ambao hukutana na mgonjwa muda mrefu kabla daktari hajamwona.

Ni vizuri kujua kwamba fani hii ilianzishwa na mhamiaji. Norman Rosenthal alikuwa daktari kijana kutoka Johannesburg alipofika New York mwaka 1976. Huko alikotoka majira ya baridi ni mepesi na jua halipotei. Marekani aliona nguvu zake zinapungua siku zinapofupika, kisha zinarudi siku zinaporefuka. Baadaye, akiwa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, yeye na wenzake, wakiwamo Thomas Wehr na Alfred Lewy, walikutana na mhandisi mmoja aliyekuwa ameandika hali ya moyo wake daftarini kwa miaka mingi. Daftari lilionyesha kupanda na kushuka kunakofuata kalenda. Mwaka 1984 walichapisha makala iliyoupa ugonjwa huo jina na kueleza tiba yake ya taa kali. Dunia ikashika upande mmoja tu wa habari: giza huleta huzuni, mwanga huiondoa.

Upande wa pili ulifuata baada ya miaka mitatu. Mwaka 1987 Wehr na wenzake walieleza wagonjwa ambao mambo yao yalikwenda kinyume: sonona iliwajia kiangazi, ikawaachia joto lilipopungua. Mgonjwa wa majira ya baridi hulala mno, hutamani vyakula vya wanga na huongezeka uzito. Wa kiangazi hukosa usingizi, chakula hakimshuki, anakonda, na badala ya kuzubaa anakosa utulivu. Anazunguka chumbani, anafoka kwa jambo dogo, mikono haitulii. Wagonjwa wa namna hii ni wachache kuliko wale wa baridi, lakini madaktari huwaangalia kwa wasiwasi zaidi. Aliyekata tamaa huku ana nguvu za kutembea usiku kucha yuko hatarini kuliko aliyeshindwa kuinuka kitandani.

Kitabu cha Marekani cha kuainishia magonjwa ya akili kimeitambua sonona ya majira tangu toleo lake la 1987, na hakisemi lazima yawe majira ya baridi. Lakini toleo linalotumika sasa lina masharti mawili ambayo mwanafunzi wetu anapaswa kuyatazama kwa jicho kali. La kwanza, hali hiyo iwe imejirudia kwa miaka miwili. La pili, isiwe imeletwa waziwazi na jambo la kijamii linalokuja na majira, kwa mfano mtu ambaye kila ifikapo baridi hukosa kazi. Kwa mtafiti anayetaka kuutenga mwanga peke yake, masharti haya yana akili. Kwa mtu wetu yanafunga mlango mara mbili. Aliyefika Gothenburg Septemba iliyopita hana mwaka wa pili wa kulinganisha nao. Na mambo ya kijamii yanayokuja na majira ndiyo hasa maisha yake: mkataba unaoisha Juni, bweni linalofungwa, darasa la lugha linalosimama hadi Agosti, nauli ya kwenda nyumbani inayopanda wakati ule ule ambao kila mtu anasafiri. Kwa maoni yangu elimu yetu inaanzia pale kitabu hicho kinapoishia. Ukiondoa sababu za kijamii ili ubaki na ugonjwa safi, utakuwa umemwondoa na mgonjwa.

Tuanze hata hivyo na mwanga, kwa kuwa ndio uliochunguzwa zaidi. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa haifiki saa moja. Nairobi ni dakika chache tu. Ndiyo maana hesabu yetu ya saa inaweza kuanza na jua lenyewe na isikosee sana mwaka mzima. Sasa mchukue mtu aliyelelewa na hesabu hiyo umpeleke Stockholm mwishoni mwa Juni. Jua linachomoza saa tisa na nusu usiku na kuzama saa nne usiku, na hata likishazama anga haliwi jeusi. Tromsø, kaskazini mwa Norway, kwa takriban miezi miwili halizami kabisa. Wengi wetu tumelizungumza jambo hili kwa mzaha, au kama swali la fikihi: Ramadhani ilipoangukia Juni, miaka ya 2015 hadi 2017, misikiti ya Skandinavia ilijadili sana watu wafuturu saa ngapi. Mwili nao una mjadala wake.

Ndani ya jicho mna chembe ambazo kazi yake si kutuonyesha sura za vitu. Zinapima mwanga, kisha zinapeleka habari kwenye kiini kidogo cha ubongo kilicho juu ya njia panda ya mishipa ya macho. Hicho ndicho saa kuu ya mwili. Giza linapoingia, kiini hicho huiruhusu tezi ya pineali kutoa homoni ya melatonini, na kwa homoni hiyo viungo vyote hupata habari kwamba usiku umefika. Mwaka 1980 Lewy na wenzake walionyesha kuwa kwa binadamu pia mwanga ukiwa mkali vya kutosha homoni hiyo hukatika. Kwa hiyo dada anayetoka zamu ya jioni saa tatu usiku, jua likimpiga usoni kituo cha basi, anafika nyumbani mwili ukiamini ni alasiri. Usingizi unamjia saa saba. Saa tisa na nusu mwanga unapita kwenye pazia jembamba la chumba cha kupanga. Wiki ya kwanza anasema huu ni uchangamfu wa kiangazi. Wiki ya tatu analia akifunga viatu.

Wenyeji wa kaskazini wana silaha zao: mapazia mazito ya kuzuia mwanga yanauzwa kila duka la vyombo vya nyumbani. Mgeni hajui kuwa ni dawa, au nyumba si yake na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Ndipo unapoona madirisha yaliyobandikwa karatasi ya alumini katika mitaa wanayoishi wahamiaji. Wapita njia hudhani ni uchafu. Mtafiti aione kama takwimu.

Kuhusu sisi wa ikweta hasa, yaliyoandikwa ni machache. Mwaka 2012 watafiti wa Norway walilinganisha usingizi na hali ya moyo ya watu wa Tromsø na watu wa Ghana, nchi ambayo mchana wake haubadiliki sana, ili kupata kipimo cha maisha yasiyo na majira ya mwanga. Kabla ya hapo, mwaka 2007, kulichapishwa uchunguzi wa wanafunzi wa vyuo kutoka Afrika wanaoishi eneo la Washington. Kuna pia kazi nzuri ya Waiceland walioichunguza jamii ya asili yao iliyohamia Manitoba, Kanada, wakakuta kwamba vizazi vya wahamiaji hao vilisumbuliwa na sonona ya baridi kidogo kuliko mtu angetarajia. Hiyo iliwafanya wengine wafikiri kuwa watu waliokaa karne nyingi kwenye giza wamechujwa na giza lenyewe. Ni dhana tu, lakini inamwachia Mwafrika wa Mashariki swali lake: sisi tumechujwa na nini? Lakini karibu kazi hizi zote zinaangalia Januari. Julai imebaki kama uani.

Ukienda Ghuba, mashtaka ya mwanga yanapungua. Maskati mchana wa Juni haufiki saa 14. Huko mshtakiwa ni joto. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, na mwili hulishusha kwa kupeleka damu kwenye ngozi ya viganja na nyayo. Hewa ya chumba ikiwa ya moto na ya unyevu, joto hilo halina pa kwenda. Mwishoni mwa Juni 2018, katika mji wa Quriyat kwenye pwani ya Oman, ilipita siku nzima, usiku na mchana, joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6. Zamani watu wa pwani ile walilala juu ya mapaa. Leo wanalala kwa kiyoyozi, na asiye na kiyoyozi halali.

Waswahili wa Maskati, wale wenye asili ya Unguja na Pemba ambao wengi walihamia baada ya 1970, wana njia za kuukimbia msimu. Wanapanda Jebel Akhdar, au wanafunga safari kwenda Salalah, ambako kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba manyunyu hugeuza milima kuwa ya kijani. Mzee aliyezaliwa Unguja akisimama kati ya minazi na migomba ya Salalah huku anaroa, hahitaji mtaalamu wa kumweleza kwa nini moyo umetulia. Lakini binti aliyetoka Machakos au Jinja kufanya kazi za ndani, yule anayeitwa kadama, hana Salalah. Oman na Falme za Kiarabu zina sheria za kukataza kazi za nje saa za adhuhuri wakati wa kiangazi, na Qatar tangu 2021 inazuia kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kutoka 1 Juni hadi 15 Septemba. Sheria hizo zinamlinda mjenzi. Jikoni si nje, na chumba cha stoo kilichowekwa godoro nacho si nje.

Hapa kuna jambo ninalotaka mwanafunzi alishike, maana vitabu hulipita haraka. Nimesema sonona ya kiangazi hukosesha mtu utulivu na kumfanya afoke. Kwa mwajiri, hiyo si dalili, ni kiburi. Binti asiyelala kwa majuma mawili anajibu vibaya, sahani inamponyoka, anaambiwa ana adabu mbovu, na wakala anapigiwa simu. Huzuni ya baridi hulala kitandani ikaonekana huzuni. Hii ya joto huonekana ugomvi. Katika familia za wahamiaji Minneapolis au Birmingham pia, baba anayegombana na kila mtu kuanzia Juni na kuwa mtu mwema Oktoba hupewa majina mengi kabla ya kupewa jina la mgonjwa. Na joto lenyewe lina ushahidi unaoongezeka: uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, ukitumia kumbukumbu za 2010 hadi 2019, ulikuta kwamba siku za joto kali kabisa ziliambatana na ongezeko la takriban asilimia 8 la watu wazima wanaofika idara za dharura kwa matatizo ya akili.

Sababu ya tatu ni watu, au tuseme kalenda ya watu. Mwaka 1879 Mwitalia Enrico Morselli alikusanya takwimu za kujiua katika nchi za Ulaya, na zikaonyesha jambo ambalo mpaka leo huwashangaza wanaolisikia mara ya kwanza: vifo hivyo havikuongezeka katika giza la baridi bali kuelekea katikati ya mwaka. Morselli alilaumu joto. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1897, alikataa. Alisema siku zinaporefuka ndipo maisha ya jamii yanapochemka, na mchemko huo ndio wa kuangaliwa. Durkheim hakuwa akimfikiria mtu wa ugenini, lakini mimi kila nikimsoma humfikiria yeye: jamii inachemka, naye yuko pembeni ya jiko.

Chukua Uswidi. Sheria inampa mwajiriwa haki ya likizo ya majuma manne mfululizo kati ya Juni na Agosti, na Julai miji hutulia kwa namna inayotisha. Wenyeji wako kwenye nyumba zao za mashambani, kando ya maziwa. Nani anabaki kuwalisha wazee na kusafisha hospitali? Mara nyingi ni mgeni, anayeshika zamu za waliokwenda likizo. Watu wake wachache aliowapata kwa shida, mwalimu wa lugha, kwaya, mwenzake wa meza moja kazini, wote wamekwenda. Marekani kinachofungwa ni chuo. Mwanafunzi wa kigeni anabaki katika mji wa chuo usio na wanafunzi, na viza yake kwa kawaida haimruhusu kutafuta kazi popote apendapo. Wanaobeba boksi wanajua upande mwingine: kiangazi ndicho msimu wa saa za ziada, na pesa inayopatikana ni usingizi uliouzwa.

Wakati huohuo kwetu pwani ni kipupwe. Hali ya hewa ni tamu, shule zina likizo, Sabasaba inaadhimishwa, Makunduchi wanafanya Mwaka Kogwa, na harusi zinafuatana. Video zinamiminika kwenye simu. Pamoja na video huja kadi ya mchango, maana kamati ya harusi haijui sonona. Inajua kwamba fulani yuko majuu. Nimewasikia watu wakisema kilichowavunja si upweke bali kuona jina lao kwenye orodha ya walioahidi na bado hawajatoa. Sisemi michango iachwe. Nasema mtafiti anayeuliza habari za mwanga na asiulize habari za michango atakuwa amepima nusu ya mgonjwa.

Wanaoandika kuhusu uhamiaji wametupa vitendea kazi kadhaa, vingine vizee. Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu huko Basel, aliandika tasnifu mwaka 1688 akieleza kutamani nyumbani kama ugonjwa wa mwili wenye homa na kukosa usingizi, na tiba aliyoiamini zaidi ilikuwa kumrudisha mtu kwao. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia ambaye kabla ya hapo alichunguza ufalme wa Ankole nchini Uganda, ndiye aliyelieneza wazo la mshtuko wa kitamaduni katika makala yake ya 1960: mtu hufurahia ugeni kwanza, kisha huuchukia, kisha huzoea. Mchoro wake unapendeza, ila hauna majira. Aliyefika Agosti na aliyefika Februari hawafikii chuki hiyo katika hali ya hewa moja. Joseba Achotegui wa Barcelona, tangu 2002, ameeleza mkusanyiko wa misiba ya mhamiaji anaouita kwa jina la Ulysses, yule msafiri wa Kiyunani: familia, lugha, ardhi, hadhi na mengineyo, yote yakifiwa kwa pamoja. Yeye husisitiza kwamba mtu huyo hajawa mgonjwa wa akili. Amebeba mzigo uliozidi kiasi cha binadamu. Tofauti hii ina maana kubwa kwetu, ambako jina la hospitali ya akili kama Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu linatosha kumfanya mtu afiche anachougua.

Nisimdanganye msomaji kuwa mambo yote yamekubaliwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichukua majibu ya watu 34,294 waliohojiwa katika uchunguzi wa taifa na hawakuona kwamba sonona hupanda na kushuka kwa majira wala kwa urefu wa mchana. Wenye kuamini majira walijibu kwamba dodoso la jumla halimnasi mgonjwa mmoja ambaye mwaka baada ya mwaka huanguka mwezi uleule. Mimi naona pande zote mbili zina haki, kila mmoja katika swali lake. Wengi wetu hatuangushwi na Julai. Wachache huangushwa, na hao hawawi wa uongo kwa kuwa wastani hauwaoni. Kuna pia wanaochunguza chavua, kwa sababu mtu mwenye mzio anayepiga chafya usiku kucha mwezi Juni naye halali, na uvimbe unaoletwa na mzio unadhaniwa kugusa hali ya moyo. Mlango huo bado uko nusu wazi.

Utaona kwamba njia zote tatu, mwanga, joto na kalenda ya watu, zinakutana mahali pamoja: usiku wa mtu. Mwanga unachelewesha usingizi, joto linaukatiza, zamu za ziada zinaufupisha, na simu ya nyumbani iliyopigwa kwa kufuata saa za kule inaulia sehemu iliyobaki. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza waache kwa muda swali la "unawaza nini," ambalo watu wetu hulijibu kwa adabu na kwa uongo, waulize "unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na chumba kikoje." Maswali haya hayamvunjii mtu heshima. Hata mzee aliyekataa kata kata kwamba ana sonona atakueleza usiku wake kwa kirefu, na humo ndani atakueleza mengine.

Kutoka hapo msaada wa kwanza unajulikana. Chumba kiwe na giza kweli, hata kwa karatasi ya alumini. Mwanga wa asubuhi ni rafiki wa saa ya mwili, lakini katika nchi za kaskazini ule wa usiku ukimbiwe kwa miwani ya jua njiani kutoka kazini. Palipo na joto, kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala na kulaza miguu kwenye kitambaa kilicholowa husaidia zaidi kuliko feni inayopuliza hewa ya moto. Wehr na wenzake waliwahi kueleza mgonjwa aliyepata nafuu alipowekwa mahali penye baridi na kurudiwa na hali yake alipotoka. Ni mtu mmoja, si kanuni, lakini inatosha kumfanya mtu aende akakae maktaba yenye kiyoyozi bila kujiona mvivu. Na mambo ya watu yapangwe Mei, kabla ugonjwa haujaiba nguvu za kupanga: nani atabaki mjini, nani atapika Jumapili gani, mchango upi utatolewa na upi utaombewa radhi mapema. Waliowahi kuangushwa na viangazi viwili wamwone daktari kabla ya Juni, kwa sababu dawa za sonona huchukua majuma kadhaa kufanya kazi.

Kuhusu dawa kuna onyo ambalo jamii zetu hazilisikii vya kutosha. Anayetumia lithiamu akipungukiwa maji kwa jasho, kwa kuhara au kwa saumu ya siku ndefu, kiwango chake katika damu kinaweza kupanda hadi kuwa sumu. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huupunguzia mwili uwezo wa kutoa jasho na kujipoza. Tiba yake si kuziacha kimyakimya. Daktari aulizwe, na kwa anayefunga, aulizwe kabla mwezi haujaandama. Na mtu akianza kusema kwamba bora asiwepo, au kuaga watu na kugawa vitu vyake, habari za mapazia ziwekwe kando: asiachwe peke yake, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, na msaada uitwe siku hiyohiyo. Ulaya nambari ya dharura ni 112, Marekani na Kanada laini ya wenye dhiki ni 988, Uingereza kuna 116 123.

Je, jamii isiyo na wataalamu wa lugha yake ifanye nini? Zimbabwe wametupa mfano. Tangu 2006 daktari Dixon Chibanda ameweka mabenchi nje ya zahanati za Harare, na akina bibi waliofunzwa hukaa hapo kuwasikiliza watu na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanaohudumiwa hivyo hupata nafuu kubwa kuliko wanaopata huduma ya kawaida. Mfano huo umefika hata Zanzibar. Sioni kwa nini usifike kwenye ukumbi wa msikiti wa Leicester au kanisa la Wakongo la Brussels, na mabibi wamejaa huko.

Kazi zinazomsubiri mwanafunzi ni nyingi kuliko watu wa kuzifanya. Dodoso la majira lililotungwa na kundi la Rosenthal huuliza ni mwezi gani mtu hujisikia vibaya zaidi. Linahitaji kujaribiwa kwa watu waliokulia penye masika, vuli, kipupwe na kiangazi chetu, ambao miezi yao mibaya huenda ilikuwa ya njaa kabla ya mavuno na si ya giza. Wakongo na Warundi waliopelekwa Australia wanakutana na kiangazi cha ugenini Desemba, pamoja na Krismasi. Je, sikukuu inawasaidia au inaongeza uzito? Na kuna uchunguzi mmoja ambao ningependa kuona mtu akiuanza hata kesho: kupima joto la saa nane usiku katika vyumba wanavyolala wafanyakazi wa ndani Maskati, Doha na Riyadh, kuanzia Mei hadi Septemba, sambamba na daftari la usingizi wao. Kipimajoto ni bei ndogo. Kazi itakuwa kupata ruhusa ya kukiweka, na kuyatunza majibu namna ambayo hayatamgharimu binti yeyote kazi yake.